Kifundo cha Mguu Kinachoteguka Kila Mara

Kama uko jikoni, endelea na kazi yako, lakini ongeza sauti ya redio kidogo, kwa sababu leo tunazungumzia kitu ambacho wengi wetu hukidharau mpaka siku kitakapotuangusha. Tunazungumza juu ya kifundo cha mguu. Si kile kilichoteguka jana tu, bali hasa kile kilichoteguka mwaka juzi, kikapona nusu, na tangu siku hiyo kinateguka tena na tena.

Juma lililopita mama mmoja anayechuma majani chai upande wa Kericho alituandikia ujumbe kwa simu. Anasema mguu wake wa kulia umeteguka mara ya nne tangu mvua ya mwaka jana. Kila mara unavimba siku mbili tatu, halafu uvimbe unashuka, anarudi shambani. Lakini Jumanne mguu ulimgeuka kwenye mteremko akiwa na mtoto mgongoni. Walianguka wote wawili. Mtoto hakuumia, tunamshukuru Mungu, ila mama tangu siku hiyo anaogopa kumbeba. Anamalizia kwa kuuliza: "Je, nimerogwa, ama ni mifupa imeisha?"

Mama wa Kericho, nianze na hilo swali lako. Hujarogwa. Wala mifupa yako haijaisha. Una tatizo linalojulikana vizuri, ambalo sisi wa fiziotherapia tunaliona karibu kila juma, na dawa yake kubwa haiuzwi katika duka la dawa. Nitakueleza ni ipi, lakini tusikimbilie huko. Tuelewe kwanza kitu chenyewe.

Vua kiatu, kama uko mahali panaporuhusu. Pitisha kidole upande wa nje wa kifundo chako. Utagusa kinundu cha mfupa. Upande wa ndani kuna kinundu kingine. Hivyo viwili ni ncha za mifupa miwili inayotoka kwenye goti, nayo imeubana mfupa mwingine ulio katikati, kama vile vidole viwili vinavyoshika kipande cha muwa. Sasa linganisha. Kinundu cha nje kimeteremka chini kuliko cha ndani, sivyo? Ndiyo sababu mguu ni vigumu kupindukia nje, lakini kupindukia ndani ni rahisi sana.

Kutoka kwenye kile kinundu cha nje kuna kano tatu. Wengi huziita mishipa, lakini si mishipa ya damu. Ni mikanda migumu inayofunga mfupa kwa mfupa, kama kamba zinazofunga miti ya boma. Moja inaelekea mbele, moja inateremka hadi kwenye kisigino, na moja inaelekea nyuma. Ukikanyaga shimo au jiwe, wayo unapindukia ndani, uzito wote wa mwili unaangukia upande wa nje, na ile kano ya mbele ndiyo huumia kwanza, kwa kuwa ndiyo dhaifu kuliko zile nyingine. Nguvu ikizidi, ile ya kisigino inafuata. Ile ya nyuma ni nadra kukatika.

Mara nyingine kano inavutika tu na nyuzi chache zinaumia. Mara nyingine inachanika nusu. Mara nyingine inakatika kabisa. Hali hizo tatu sote tunaziita kwa neno moja, kuteguka, na hapo ndipo shida inapoanzia, kwa sababu tunazitibu zote kwa namna moja: tunachua, tunafunga leso, tunaendelea na safari.

Basi kwa nini mguu uteguke tena? Watafiti waliowafuata watu walioteguka kwa mara ya kwanza waliona kwamba baada ya mwaka mmoja, karibu wanne katika kila kumi walikuwa na kifundo ambacho hakijatulia. Kinauma uma, kinavimba jioni, kinahisi kama kitamwacha mwenyewe njiani. Hao ni wengi, mama. Ukiwa katika chama chenu mko akina mama ishirini na nusu yenu mmewahi kuteguka, piga hesabu mwenyewe.

Sababu ya kwanza ni kano yenyewe. Kano iliyochanika ikipona huku imelegea, kiungo kinabaki na nafasi ya kucheza cheza, kama mlango ambao bawaba yake imelegea misumari. Hii watu huielewa haraka.

Sababu ya pili wengi hawajawahi kuisikia, na ndiyo ningependa uishike leo. Ndani ya kano na ndani ya misuli kuna neva ndogo sana ambazo kazi yake ni kuuarifu ubongo mguu uko wapi na umeelekea wapi. Fikiria umetoka msalani usiku na stima imepotea. Huoni chini. Lakini mguu ukigusa ukingo wa jiwe, misuli ya upande wa nje inakaza na kuukamata kabla hata wewe hujafikiri. Hayo ni mazungumzo ya haraka kati ya mguu na ubongo. Mguu ukiteguka vibaya, mazungumzo hayo yanaharibika. Habari inafika ikiwa imechelewa. Misuli inakaza wakati mguu umekwisha kupinduka. Uvimbe umeshuka, maumivu yameisha, wewe unadhani umepona, kumbe mguu wako hauoni.

Si jambo lililogunduliwa jana. Mwaka 1965 daktari wa upasuaji wa mifupa nchini Uingereza, Michael Freeman, aliandika kwamba wagonjwa waliofundishwa kusimama juu ya ubao unaoyumba hawakulalamika sana kwamba mguu unawaacha, wakilinganishwa na wale waliotibiwa bila mazoezi hayo. Tangu wakati huo watu wengi wamechunguza, na jibu limebaki lile lile. Mguu ulioteguka unahitaji kufundishwa upya.

Hapa nina kosa langu la kukiri. Binti yangu alikuwa kidato cha pili, mchezaji wa netiboli, na alikuja nyumbani likizo akichechemea. Niliubonyeza ule mguu, nikaona mfupa ni mzima, nikamwambia apumzike juma moja. Uvimbe ukashuka. Nikasahau. Mimi ambaye kazini nawahimiza watu asubuhi hadi jioni wafanye mazoezi, kwangu nyumbani sikumpa hata zoezi moja. Alirudi shule, akacheza, akateguka tena. Halafu tena. Kufika kidato cha nne alikuwa ameacha netiboli, na akishuka ngazi alikuwa anashika ukuta kama mtu mzee. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alinijibu: "Mama, si wewe ulisema ni kitu kidogo?"

Ilituchukua miezi minne kuurudisha mguu ule. Kwa hivyo ninapokwambia usiseme ni kitu kidogo, sikuhubirii. Najua ninachosema.

(Muziki mfupi)

Sasa tuseme imetokea leo. Mtoto ameteguka akitoka shule, au ni wewe mwenyewe umeteleza ukitoka mtoni. Utafanya nini?

La kwanza ni la kutofanya. Usichue. Najua katika nyumba nyingi yuko nyanya ambaye mikono yake inaheshimika kwa kukanda, na simdharau, maana amesaidia wengi. Lakini katika siku mbili tatu za kwanza mishipa midogo ya damu ndani ya kifundo imepasuka. Ukikanda kwa nguvu, na hasa ukikanda kwa maji moto, damu inazidi kuvuja na uvimbe unaongezeka. Mwambie kwa heshima, "Nyanya, tungoje kwanza uvimbe ushuke." Na kama kuna mtu anayetaka kuuvuta mguu ati arudishe mfupa mahali pake, huyo mkatalie kabisa. Kama mfupa umevunjika, kuuvuta kunaweza kukata neva au mshipa wa damu.

Tumia baridi. Barafu si ya kila nyumba, lakini maji ya mtungi wa udongo yapo, na kitambaa kipo. Lowesha kitambaa, kifunge juu ya uvimbe, kikipata joto ukiloweshe tena, kwa muda wa dakika kumi na tano au ishirini, mara kadhaa kwa siku. Ukipata barafu, usiiweke juu ya ngozi tupu, ifunge kwa kitambaa kwanza. Nikwambie jambo kidogo hapa. Ule mpangilio wa kupumzika, kuweka barafu, kufunga na kuinua mguu ulipewa umaarufu mwaka 1978 na daktari wa Marekani, Gabe Mirkin. Mwaka 2014 yeye mwenyewe alisema amebadili mawazo, kwamba barafu na kupumzika kabisa huenda vikachelewesha kupona. Kwa hivyo chukua baridi kuwa ni ya kupunguza maumivu katika siku za mwanzo, basi. Si tiba.

Funga bandeji ya mpira kuanzia karibu na vidole ukipanda juu mpaka kupita kifundo. Isikaze sana. Vidole vikipoa, vikifa ganzi au vikibadilika rangi, fungua mara moja. Usiku ivue. Unapolala, weka mto au blanketi chini ya mguu ili uwe juu kuliko kifua. Kuketi kwenye kiti na mguu ukining'inia hakusaidii uvimbe kushuka.

Kwa maumivu, parasetamoli inatosha wengi. Ibuprofeni na diklofenaki hutuliza maumivu, lakini si za kila mtu. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, na mwenye pumu asizimeze kabla ya kumuuliza daktari. Mama mjamzito, hasa ukipita mwezi wa tano, ziache kabisa isipokuwa daktari mwenyewe amekuandikia, kwa sababu zinaweza kudhuru figo za mtoto aliye tumboni na kupunguza maji anamolala. Mtoto mdogo usimpe aspirini.

Na siku ya pili au ya tatu, maumivu yakikuruhusu, anza kukanyaga. Pole pole, ukishika fimbo au ukuta. Kulala kitandani wiki mbili kunaudhoofisha mguu. Kama uliteguka vibaya sana, daktari anaweza kukuwekea kifaa au plasta kwa siku kama kumi hivi ili maumivu yapungue, lakini baada ya hapo mguu lazima utembee.

Utajuaje kama si kuvunjika? Watu husema ukiweza kutembea basi haujavunjika, na ukivimba sana basi umevunjika. Yote mawili yanadanganya. Kuna kipimo kizuri zaidi, ambacho madaktari wa Ottawa huko Kanada walikichapisha mwaka 1992 na sasa kinatumika duniani kote. Kwanza jiulize: je, aliweza kupiga hatua nne mara tu baada ya kuumia, na je, anaweza kupiga hatua nne sasa? Hata akichechemea, ni hatua. Kisha bonyeza mfupa, si nyama. Bonyeza ukingo wa nyuma wa kile kinundu cha nje, kuanzia ncha yake ukipanda juu kiasi cha vidole vinne vilivyolala. Fanya hivyo hivyo kwenye kinundu cha ndani. Halafu pitisha kidole ukingoni mwa wayo kuelekea kidole kidogo; katikati ya njia utakuta mfupa uliotokeza. Ubonyeze. Mwisho bonyeza mfupa uliotokeza upande wa ndani wa wayo, mbele ya kinundu cha ndani. Akipiga kelele ukigusa mfupa mahali popote kati ya hapo, au akishindwa na hatua nne, mpeleke apigwe picha ya eksirei. Usingoje Jumatatu.

Kama mguu umepinda, kama kuna jeraha juu ya uvimbe, au kama wayo umekuwa baridi na hauna hisia, hapo hakuna kubonyeza wala kuhesabu hatua. Ni hospitali sasa hivi.

Kwa mtoto nina neno la ziada. Mifupa ya mtoto bado inakua, na karibu na mwisho wa kila mfupa kuna sehemu laini ambayo ndiyo inayourefusha. Sehemu hiyo inaweza kuumia mahali ambapo kwa mtu mzima ingeumia kano peke yake. Mtoto mdogo pia hawezi kukueleza vizuri anaumia wapi. Akikataa kukanyaga, mpeleke.

Na hili lishike zaidi ya mengine yote ya leo: kifundo kilichovimba bila mtoto kuanguka, na mwili una joto, usikiite kuteguka. Huenda usaha umeingia ndani ya kiungo au ndani ya mfupa, na kiungo kinaweza kuharibika katika siku chache tu. Watoto wenye ugonjwa wa selimundu, ambao tunao wengi upande wa Nyanza, Magharibi na Pwani, wako katika hatari zaidi ya kupata usaha ndani ya mfupa. Nimeona watoto wa namna hii wakiletwa baada ya kukandwa siku tano. Usimkande. Mlete siku hiyo hiyo.

(Muziki mfupi)

Sasa tumrudie mama wa Kericho na wenzake wote ambao miguu yao imezoea kuteguka. Dawa niliyokuahidi ni mazoezi. Usitabasamu. Ni mazoezi ya kufanyia jikoni, hayahitaji vifaa vya kununua, na yanachukua dakika kumi na tano.

Anza ukiwa umeketi, mguu ukiwa hewani. Tumia kidole gumba cha mguu kama kalamu, uandike jina la mtoto wako hewani. Kama una watoto watano, andika yote matano. Goti litulie, kifundo ndicho kiandike. Zoezi hili unaweza kulianza hata siku ya tatu baada ya kuteguka, mradi maumivu yanaruhusu.

La pili ni la nguvu. Tafuta ile blada ya kufungia mizigo kwenye baiskeli, kipande cha urefu wa mkono. Ifunge kwenye mguu wa meza, uingize wayo ndani ya kitanzi, kisha usukume wayo kuelekea nje, pole pole, na urudi pole pole. Hii ndiyo inayokaza misuli ya upande wa nje, wale walinzi wanaoukamata mguu unapotaka kupinduka. Fanya mara kumi, pumzika, mara kumi tena, pumzika, mara kumi. Halafu simama, shika meza, inua visigino usimame kwa vidole, shuka. Ukizoea, fanya kwa mguu mmoja.

La tatu ndilo kubwa, na ndilo wagonjwa wangu hulidharau kwa sababu linaonekana kama mchezo wa watoto. Simama kwa mguu mmoja. Basi. Simama karibu na ukuta, mbali na jiko, na mtoto asiwe mgongoni. Anza na mguu mzima, uhesabu unakaa muda gani bila kugusa ukuta. Kisha mguu mbovu. Wengi wetu utakuta mguu mzima unakaa nusu dakika bila taabu, na ule mwingine baada ya kitambo kidogo unatetemeka kama kifaranga aliyenyeshewa. Huko kutetemeka ni mguu na ubongo vinajaribu kuzungumza tena. Kuache kutetemeke.

Ukifikisha nusu dakika bila kugusa ukuta, fumba macho. Utashangaa. Macho yalikuwa yakiufichia mguu udhaifu wake. Ukiweza hapo, kunja blanketi mara nne usimame juu yake, maana blanketi linayumba kidogo kama ule ubao wa Freeman. Ukiweza na hapo, mwite mtoto arushiane chungwa nawe huku umesimama kwa mguu mmoja. Binti yangu tulifika hapo mwezi wa pili, na machungwa mengi yaliishia chini ya kabati.

Fanya hivi siku tano kwa juma, kwa majuma sita angalau, na kama mguu umesumbua miaka mingi, miezi mitatu. Kuna mama huniuliza kama anaweza kufanya siku za Jumapili tu kwa saa nzima. Hapana, mama. Ubongo hufundishwa kidogo kidogo kila siku, kama mtoto anayejifunza kusoma. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si kitu. Lakini ukiamka asubuhi ukute kifundo kimevimba, jana ulizidisha, punguza, usiache.

Wakati huo wa mazoezi, punguza mzigo. Mtungi wa lita ishirini una uzito wa kilo ishirini, na ukiubeba kichwani au mgongoni, kifundo kimoja kinaubeba wote kila unapoinua mguu mwingine. Kwa majuma hayo sita, beba mitungi miwili ya lita tano, mmoja kila mkono, hata kama utakwenda mtoni mara mbili. Najua kwenda mara mbili ni taabu, na najua si kila nyumba ina mtu wa kusaidia. Lakini wavulana wetu wana miguu, na sijasikia kwamba mtungi huchagua nani aubebe. Mtoto mchanga, kwenye mteremko wenye matope, abebwe na mwingine mpaka mguu wako ufaulu mtihani wa kufumba macho.

Tazama pia viatu. Gamubuti kubwa kuliko mguu haishiki kifundo hata kidogo. Vaa soksi nzito mbili ndani yake au utafute inayokutosha. Patipati ni za nyumbani, si za njia ya mawe. Ukinunua kiatu cha mitumba, kigeuze utazame soli. Kama soli imelika upande wa nje, kiatu hicho kitakuelekeza kule kule mguu unakotaka kupindukia. Mwenye kiatu alikuwa na mwendo wake, usiununue. Kwa wale wanaocheza mpira au netiboli, kuna kishikizo cha kifundo kinachofungwa kwa kamba kama kiatu. Kinasaidia, hasa kwa mtu ambaye amewahi kuteguka. Binti yangu hachezi bila chake mpaka leo. Lakini kishikizo si badala ya mazoezi.

Mama mjamzito, kano zako hulegea kidogo wakati wa mimba, tumbo linavuta mwili mbele, na miguu yako huioni. Ndiyo maana akina mama wengi huteguka miezi ya mwisho. Mazoezi ya kuketi unaweza kuyafanya. La kusimama kwa mguu mmoja lifanye ukishika meza kwa mikono miwili, na usifumbe macho. Kama umeanguka na kugonga tumbo, au unaona damu au maji, au mtoto amepunguza kucheza, sahau kifundo, nenda hospitali. Na kama ni shavu la mguu mmoja limevimba na linauma bila kuteguka, iwe wakati wa mimba au majuma ya kwanza baada ya kujifungua, hiyo huenda ni damu iliyoganda ndani ya mshipa. Hilo pia ni la hospitali siku hiyo hiyo, wala lisichuliwe.

Je, kuna upasuaji? Upo. Mwaka 1966 daktari wa Uswidi, Lennart Broström, alieleza namna ya kuishona na kuikaza ile kano ya mbele, na njia hiyo, ikiwa imeboreshwa, ndiyo inayotumika zaidi hadi leo. Lakini ni ya wachache, wale ambao wamefanya mazoezi kwa bidii miezi mitatu hadi sita na mguu bado unawaacha. Hata baada ya upasuaji, mgonjwa anarudi kwetu kusimama kwa mguu mmoja. Maumivu yasiyoisha ndani ya kifundo, au kifundo kinachokwama katikati ya mwendo, ni sababu nyingine ya kumwona daktari wa mifupa, kwa kuwa huenda gegedu imeumia. Na kifundo kinachoachwa kuteguka miaka na miaka kinaweza kupata baridi yabisi ya kukwaruzana kwa mifupa mapema kuliko umri wake.

Mama wa Kericho, kwa kuwa umeanguka Jumanne, kwanza jipime zile hatua nne na ubonyeze mifupa. Ukiona mashaka, nenda kituo cha afya, uwaeleze kwamba ni mara ya nne, usiseme tu "nimeteguka". Waulize kama hospitali iliyo karibu nawe ina mtaalamu wa fiziotherapia, upewe barua ya kumwona. Kama mifupa haina neno, ukimaliza kuosha vyombo jioni ya leo, shika ukuta, simama kwa mguu wa kushoto uhesabu, halafu wa kulia. Tuandikie kwa namba ile ile utuambie kila mmoja umefika ngapi. Nitakuandalia hatua za kufuata, na juma lijalo nitasoma hesabu yako hapa, kama utaniruhusu.

Kwaheri kwa leo.